UZI: Mechi zikiisha, nani atabaki ukumbini? Sanaa ya Nairobi kuelekea AFCON 2027

#1 MlangoWaPili

Wadau wa sanaa, salaam.

Mapendekezo ya tamasha za msimu wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, yameanza kuzunguka mjini, na mengi yanaahidi jambo moja: idadi ya watu watakaofika. Naomba tulijadili hili kabla pesa hazijagawanywa. Idadi ya watakaofika haituambii lolote kuhusu hali ya ukumbi Februari 2028. Kipimo ninachokitetea ni hiki: ni wangapi walirudi mara ya pili, siku ambayo hakuna mechi?

Tuanze na kalenda. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mashindano haya Septemba 2023. Timu ni 24, makundi 6, mechi zote 52, na zinagawanywa kwa nchi tatu. Kwa hiyo Nairobi haitakuwa na mechi kila siku. Itakuwa na siku za mechi zilizotawanyika, na katikati yake siku tupu ambapo mgeni yuko mjini, mwenyeji ana hamu ya kutoka, na uwanja umefungwa.

Wengi hupanga onyesho siku ya mechi kwa kuwa ndiko watu waliko. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mwenye tiketi ya uwanja wa Kasarani anatakiwa awe getini mapema, akaguliwe, apate kiti. Mechi ya saa mbili usiku inaisha karibu na saa nne. Akitoka anawahi matatu ya Githurai kabla nauli haijapanda tena. Hana dakika 40 za kumpa mwigizaji, na ukimpigia spika pale nje ya geti atakukumbuka kama kelele za njiani. Siku tupu, kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, karibu na anakolala: huo ndio wakati wenu.

Walioandaa michezo mikubwa kabla yetu wametuachia mafunzo. London ilianza ratiba yake ya utamaduni mwaka 2008, miaka minne kabla ya Olimpiki ya 2012. Mwaka huo wa 2012, katika ukumbi wa Globe, kazi 37 za Shakespeare zilichezwa kwa lugha 37, na mojawapo ilitoka hapa Nairobi: The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Kusimama uani kulikuwa pauni 5. Mwaliko ulikuwa lugha ya mtu mwenyewe, na bei aliiweza. Lakini ukiuliza kilichodumu baada ya kiangazi kile, jibu moja lililo wazi ni Unlimited, mpango wa kuwapa wasanii wenye ulemavu fedha za kutunga kazi mpya. Ulianzia ndani ya ratiba ile ya Olimpiki, fedha zikaendelea kutengwa baada ya michezo, na leo ni taasisi inayojitegemea. Ulilenga watu unaowajua kwa majina. Manchester nayo, baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, haikutupa orodha ya waliojitolea. Iliitunza, na watu walewale wakaendelea kuitwa kwenye matukio mengine ya jiji kwa miaka.

Orodha ya waliokuja, basi. Anayeandaa tamasha bila kufikiria orodha anachota maji kwa tenga.

---

#2 BintiMakadara

Asante kaka kwa kulianzisha. Nina maswali mawili. Tarehe ya pili, ile ya kuwaita watu warudi, iwe baada ya muda gani? Na hayo majina mnayakusanyaje mlangoni bila kuziba foleni, hasa watoto wa mtaa wakiwa wamejaa mbele?

---

#3 MlangoWaPili

Dada, tarehe ya pili isizidi wiki tatu, na iwe imechapishwa kabla ya onyesho la kwanza kufunguliwa. Wiki tatu mtu bado anakumbuka uso wa mwigizaji. Wiki nane unamwalika upya kama mgeni. Halafu angalia mshahara. Onyesho la kwanza liwe katikati ya mwezi, la bure au la bei ndogo, na la pili liangukie Jumamosi ya kwanza baada ya watu kulipwa. Ukigeuza mpangilio, unamwomba mtu hela tarehe 18, wakati anahesabu nauli ya kufika kazini.

Foleni ni hesabu tu. Mtu mmoja huchukua kama sekunde 20 kutaja jina, namba na mtaa. Meza moja inapitisha watu 3 kwa dakika. Meza 4 zinapitisha 12, kwa hiyo watu 300 wanaisha kwa dakika 25. Watu haohao 300 kwa meza moja wanahitaji dakika 100. Hakuna foleni ya Nairobi itakayokubali hilo. Ikifika dakika ya 30 watu wanaanza kusukumana, mlinzi anaachia geti ili kuepusha balaa, na rejista inafia hapo.

Karatasi yenyewe iwe na safu nne: jina moja analoitwa, namba ya simu, mtaa, na namba ya matatu inayomfikisha kwao. Barua pepe iacheni, wengi hawaifungui. Safu ya matatu watu huidharau, lakini ndiyo inayokuonyesha kwamba theluthi moja ya waliokuja wanapanda matatu za namba moja, na kwamba onyesho lijalo lapaswa kuwa kwenye njia hiyo.

Namba ya simu iandikwe kwenye visanduku 10 vilivyochapishwa, tarakimu moja kila kisanduku. Karani akiandika kwa mkato, 1 inasomeka 7, na 4 inasomeka 9, nawe hugundui mpaka ujumbe umekwenda kwa mtu mwingine. Pia karani asidhani kila namba inaanza na 07, siku hizi 01 ni nyingi. Amsomee mtu namba yake kwa sauti ya chini kabla hajampisha.

Njia nyepesi zaidi ni kuflashi. Mnabandika namba 3 za simu ukutani, kila moja na simu yake mezani, mtu anaflashi, namba yake inabaki kwenye simu bila kumgharimu senti na bila kosa la mwandiko. Simu moja haitoshi kwa sababu watu 20 wakiflashi kwa pamoja, 19 wanakuta laini ina shughuli. Udhaifu wake ni kwamba mnapata namba bila jina wala mtaa. Inafaa kwa umati wa uwanjani, haitoshi kwa ukumbi.

Watoto wawe na mlango wao na mtu mzima wao wa kuwapokea. Msiandike namba ya mtoto. Andika ya mzazi, na mzazi mwenyewe akubali.

---

#4 FundiKebo

Nizungumzie umeme na sauti, maana tamasha nyingi za mtaani watu huondoka kwa sababu hawasikii maneno.

Ngoma inasikika hata kwa spika mbovu. Mchezo wa kuigiza hausikiki. Ukitaka watu wa soko la Kaloleni wafuate hadithi, kila mwigizaji anayesema sana awe na maiki ya kuvaa, au mpange waigizaji wasimame karibu na maiki mbili za kusimama zilizo mbele ya jukwaa. Kuning'iniza maiki moja juu katikati ukitegemea inase kila mtu hakufanyi kazi nje. Inanasa upepo, jenereta na boda boda.

Kwa watu 300 hadi 500 nje, spika 2 za juu na 2 za besi zatosha. Ziinueni zipite vichwa vya waliosimama, mita 2 na nusu hivi kutoka chini, la sivyo wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma hawasikii. Mkiwa na uwanja mrefu, ongezeni jozi ndogo katikati badala ya kuzidisha sauti mbele.

Jenereta ya kVA 20 isiyo na kelele inatoa takriban kilowati 16. Msiipakie zaidi ya robo tatu, yaani kilowati 12. Kwa mzigo huo inakunywa lita 3 hadi 4 za dizeli kwa saa. Onyesho la saa tatu pamoja na majaribio ya sauti ni saa sita za kuwaka, basi pangeni lita 25 na msiitegemee petroli stesheni ya karibu usiku wa mechi. Taa na sauti zisitoke kwenye fezi moja. Mvumo ule wa "mmm" kwenye spika mara nyingi huanzia hapo, au kwenye jenereta isiyo na nondo ya ardhini. Waya zikivuka njia ya watu zifunikwe kwa raba au mkeka uliogandishwa pande zote. Waya uliofukiwa kwa mchanga mkavu unafukuliwa na viatu ndani ya nusu saa.

Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Katika makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35, na mazungumzo ya kawaida tu yanakipita hicho. Kwa hiyo onyesho la nje mtaani liishe kabla ya saa mbili usiku, au mwe na kibali cha kelele cha kaunti mkononi, nakala ya karatasi, si picha kwenye simu iliyoisha chaji. Hii inaungana na alichosema MlangoWaPili kuhusu saa kumi hadi saa moja.

---

#5 NgomaTatu

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba shabiki ni mtu asiyejua sanaa, anayesubiri kufundishwa. Tazameni jukwaa la mashabiki siku klabu ya AFC Leopards inapocheza. Isukuti iko pale: ngoma kubwa, ya kati na ndogo, mwimbishaji mmoja na waitikiaji mamia. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Upande wa Gor Mahia nako kuna nyimbo zenye mwimbishaji, kiitikio na mpangilio wa kujibizana ambao kikundi cha kwaya kingejifunza kwa wiki kadhaa. Hawa ni wasanii wenye hadhira tayari. Waandaaji wa tamasha huwaita kupiga ngoma dakika 10 mlangoni ili kuchangamsha watu, kisha huwaambia asanteni, nendeni.

Fanyeni kinyume. Mashabiki wa klabu hizi wamejipanga kwa matawi. Tawi lina mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp na desturi ya kukodi gari pamoja. Nenda kwa mwenyekiti wa tawi miezi sita kabla, si wiki mbili. Usimpe bango. Mpe nafasi kwenye ratiba: waimbaji wao wapate dakika 25 jukwaani, na malipo sawa na kikundi kingine chochote. Kisha mpe tiketi 10 kwa bei ya 9, zenye jina la tawi. Gari la abiria 33 likijaa tawi moja, una wateja 33 ambao mtu mmoja tu anaweza kuwarudisha kwa simu moja.

Tahadhari: tawi linaenda kwenye mchezo unaowahusu. Ukiwaletea dakika 90 za maigizo ya mahakamani bila wimbo hata mmoja, hutawaona tena. Anza na kazi ya dakika 40 yenye muziki ndani yake, na mwishoni mwa jioni ileile uwaonyeshe dakika 7 za ile kazi ndefu wanayoalikwa kuiona tarehe ya pili. Dakika 7 zikatwe mahali pa moto, swali likiwa hewani.

---

#6 MamaTiketi

NgomaTatu amesema kweli tupu.

Mimi nataka tuongee kuhusu bure. Tamasha la bure linafundisha watu kwamba sanaa ni kitu kinacholipiwa na mtu mwingine. Mfadhili akiondoka Agosti 2027, mtaani wanauliza "mbona sasa mnatuuzia?" Nao wana haki ya kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyewaambia mapema. Kiingilio kiwepo tangu siku ya kwanza, hata shilingi 50.

---

#7 BintiMakadara

Mama, kwa heshima, hapo sikubaliani. Mtu wa Jericho au Kaloleni mwenye watoto watatu, ukimtoza 50 kila kichwa ni mia mbili, na bado hajala njugu wala hajalipa nauli. Kituo cha kuonyesha mechi kinamtoza yeye peke yake, watoto wanabaki nyumbani. Sisi tunataka familia nzima, kisha tunaipa bei inayofukuza familia nzima. Onyesho la kwanza libaki bure. Tatizo liko kwenye ukimya: hakuna anayesema wazi kwamba la pili lina bei.

---

#8 MamaTiketi

Binti yangu, hoja ya familia naikubali, na kweli bei ya kichwa ni mbaya kwa mtaa. Basi tufanye hivi. Onyesho la kwanza bure, lakini kwa tiketi ya karatasi, si kuingia ovyo. Tiketi iwe na vipande viwili. Cha kwanza kinachanwa mlangoni. Cha pili mtu anabaki nacho, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa tarehe, saa, ukumbi, na "familia moja, hadi watu 5: shilingi 200. Ukija na kipande hiki: 150." Anayeongoza shughuli asimame katikati ya onyesho, wakati watu wamekaa, ainue kipande hicho juu na kukisoma neno kwa neno. Akingoja mwisho, nusu wamekwisha kusimama.

Vipande viwe na namba za mfululizo. Vikirudi 60 kati ya 300, unajua bila kukisia. Na rangi itofautiane kwa kila mtaa: manjano Kaloleni, kijani Githurai, bluu Kibra. Ukimwaga vipande mezani usiku huo, rangi inakuambia mtaa gani umeitika kabla hujafungua kompyuta.

Jambo jingine, michezo ya vitabu vya kutahiniwa. Wanafunzi wengi hapa nchini wameona maigizo ya jukwaani kwa njia hiyo: basi la shule, ukumbi, daftari mkononi. Mtihani ukiisha hakuna anayewaita tena. Vikundi vinavyocheza kazi hizo vinazunguka na hadhira ya vijana wanaojua kukaa kimya gizani na kufuata hadithi. Aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2025 atakuwa mtu mzima mwenye simu yake wakati wa AFCON. Kwake bei ya mtu mmoja iwe 100, na onyesho liwe la jioni ya Ijumaa.

---

#9 KaraniWaVibali

Nimesoma yote, nachangia yanayokwamisha watu dakika ya mwisho.

Jina na nembo ya mashindano ni mali ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Msiandike AFCON kwenye bango la tamasha lenu, msichore kombe, msiweke nembo karibu na ya mdhamini wenu. Mdhamini mdogo wa soda ya mtaani akionekana kama mdhamini wa mashindano, mtapata barua ya wakili na mabango yote yatang'olewa. Iteni tamasha jina lake lenyewe. Hilo lina faida nyingine: jina lenu litaendelea kutumika 2028, la mashindano halitatumika.

Mkitaka kuonyesha mechi kwenye skrini kubwa kabla ya onyesho, ombeni idhini ya mwenye haki za matangazo mapema, hata kama kiingilio ni bure. Ushauri wangu ni kutoonyesha mechi kabisa. Skrini ikizimwa, watu wanaondoka, na mnaanza kazi yenu mbele ya migongo.

Polisi: Sheria ya Utulivu wa Umma inataka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, apewe taarifa ya mkutano wa hadhara si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Shughuli za kitamaduni zina nafasi yake tofauti katika sheria hiyo, lakini pelekeni barua vilevile, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Msimu wa mashindano askari wengi watakuwa viwanjani, na OCS asiyejua mpo atakuja kuuliza katikati ya onyesho.

Muziki uliorekodiwa unahitaji leseni ya mashirika ya haki za wasanii. KECOBO, bodi ya hakimiliki, ndiyo inayoyapa mashirika hayo kibali, basi ulizeni kwanza lipi lina kibali mwaka huo kabla ya kulipa mtu.

Namba za simu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama ni daftari la karatasi. Juu ya kila ukurasa andikeni sentensi moja: namba hii tutaitumia kukualika kwenye maonyesho yetu tu, unaweza kutuambia tuifute wakati wowote. Mtu atie alama ya kukubali. Msimpe mdhamini orodha hiyo. Ataiomba. Ataiomba kwa upole, na pengine kwa pesa. Siku watu 300 watakapopokea matangazo ya mikopo kwenye namba walizowapa ninyi, mtakuwa mmeivunja imani yao na hairudi.

Nafasi: nje, hesabuni watu 2 kwa kila mita moja ya mraba ili mtoto aweze kupita. Wakifika 4, fungeni mlango. Ukumbini msianze kama mlango wa pili umefungwa kwa kufuli au umezibwa na viti. Mwenye ufunguo akae hapo mlangoni mpaka mwisho, asiende kununua chai.

---

#10 FundiKebo

Swali kwa wote. Harambee Stars wakitolewa mapema je? Hamu ya mji huzima kama taa.

---

#11 MlangoWaPili

Hili ni zito, nashukuru umeliuliza. Tuna mfano wa karibu. CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani: Kenya iliifunga Morocco 1-0 Kasarani tarehe 10, mji ukawaka. Umati ulikuwa mkubwa na wenye fujo kiasi kwamba CAF iliamua kupunguza idadi ya mashabiki wa kuingia mechi za Kenya pale. Tarehe 22 Madagascar wakatutoa kwa penalti katika robo fainali. Fainali ya tarehe 30, Morocco na Madagascar, ilichezwa hapahapa Kasarani, lakini aliyekuwa amepanga shughuli yake ya mwisho wa mwezi juu ya ndoto ya Kenya fainali alibaki bila sababu ya kumwita mtu.

Kwa hiyo tarehe ya pili isitegemee matokeo hata kidogo. Isiitwe sherehe ya ushindi. Isihitaji mchezaji wa timu ya taifa kuwepo. Mchezo usiwe na mzaha unaohitaji Kenya iwe bado ndani. Bajeti pia: wekeni theluthi mbili ya fedha za matangazo kwenye tarehe ya pili na ya tatu, theluthi moja tu kwenye ya kwanza. Waandaaji wengi hufanya kinyume, kwa sababu onyesho la kwanza ndilo lenye kamera. La kwanza linajiuza lenyewe kwa msimu, la pili ndilo linalohitaji kusukumwa.

Na kuhusu mahali: msijazane karibu na uwanja. Uwanja wa Talanta pale Barabara ya Ngong utakuwa na viti 60,000, na kila mtu anatamani kuweka jukwaa lake nje ya ukuta wake. Maeneo ya karibu na uwanja siku ya mechi huwa chini ya masharti ya waandaaji wa mashindano, na baada ya mechi ya mwisho hakuna atakayepita hapo kwa miguu. Mtu wa Kibra ana ukumbi wake na njia zake. Anayepanda matatu ya 111 kwenda Ngong anapita barabara ileile kila siku ya kazi, 2027 na 2030. Ukumbi wa pili uwe mahali anaposhuka akitoka kazini.

Ukumbi wa Taifa wa maigizo pale Barabara ya Harry Thuku, uliopo tangu 1952, uwe hatua ya tatu au ya nne. Mtu akishakuja mara mbili mtaani kwake, mkodishieni gari la kumpeleka mjini na kumrudisha, nauli ikiwa ndani ya tiketi. Kinachomzuia mara nyingi ni swali la atarudije saa tatu usiku.

---

#12 BintiMakadara

Nimeandika rasimu ya ujumbe wa kuwaita tena. Niambieni:

"Asante kwa kuja Ijumaa Kaloleni. Kikundi kilekile kinarudi Jumamosi tarehe 12, saa 8 mchana, ukumbi uleule. Kiingilio 100. Jibu NDIO tukuwekee kiti."

Nilitaka kuongeza vikaragosi (emoji) viwili vya ngoma mwishoni.

---

#13 MezaYaSimu

Dada, ujumbe ni mzuri, lakini hapo kuna mitego.

Vikaragosi viache. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, na wako una chini ya hapo, kwa hiyo unalipia mmoja. Ukitia kikaragosi kimoja tu, kikomo kinashuka hadi herufi 70 kwa ujumbe, na huo wako unahesabiwa kuwa zaidi ya mmoja. Kwa watu 1,000 hiyo ni bajeti ya maji ya wasanii.

"Jibu NDIO" haitafanya kazi ukituma kwa jina la kikundi badala ya namba. Ujumbe wenye jina juu yake haujibiki. Mtu ataandika NDIO, utakataa kwenda, atadhani mmemfungia. Weka namba ya kuflashi.

Kuna na hili: watu wengi wa Safaricom wamejiondoa kwenye ujumbe wa matangazo kwa *456*9*5#, na tangazo lako halitawafikia hata wakiwa waliomba wenyewe. Kwa hiyo zile namba 100 za kwanza, zile za waliokaa mpaka mwisho, wapigieni simu. Vijana wanne, namba 25 kila mmoja, jioni moja.

WhatsApp nayo: orodha ya kutangazia inabeba watu 256, na inamfikia tu aliyeihifadhi namba yenu. Mlangoni, karani amsubiri mtu aihifadhi palepale, kwa jina mtakalomwambia. Msiwatupe wote kwenye kundi moja, maana kila namba itaonekana na wageni, na KaraniWaVibali ameshaeleza hatari yake.

Katika kuhesabu waliorudi, namba moja huandikwa 0712 mara hii na 254712 mara ile, na kompyuta inaona watu wawili. Linganisheni tarakimu 9 za mwisho pekee.

Na bei uliyoandika ni ya kichwa, wakati mlishakubaliana na Mama ni ya familia. Tuma hivi, siku 7 kabla saa moja jioni, na tena asubuhi ya siku yenyewe saa nne:

"Asante kwa kuja Kaloleni. Kikundi kilekile, ukumbi uleule, Jumamosi tarehe 12 saa 8 mchana. Familia 200, na kipande 150. Flashi tukuwekee viti:"

Baada ya nukta mbili weka namba, na anayeshika simu hiyo awe amelipwa kukaa nayo mpaka Jumamosi.